Ndege Zinatua kwa Jirani: Risala ya Wakazi wa Kisiwa cha Nyarusenye

Mgeni rasmi, viongozi mliofuatana naye, wageni wetu kutoka kisiwa jirani cha Kisiko, na wazazi wenzetu: shikamooni, na poleni kwa mawimbi.

MAKARIBISHO

Karibu Nyarusenye. Tumeona viatu vyako vimelowa. Asubuhi ndege yako ilipita juu ya paa la shule yetu, watoto wakapunga mikono, nayo ikaenda kutua Kisiko. Ndipo ukaletwa huku kwa mtumbwi wa injini. Hatulaumu. Ila tulitamani ukanyage kwetu kwanza.

HISTORIA YA KIWANJA

Kiwanja cha kwanza cha ndege katika visiwa hivi ni hiki chetu. Wazazi wetu walikifyeka kwa mapanga ili daktari wa misheni ashuke na dawa. Wasichana wakasomba mawe. Kati yao walikuwemo ndugu wawili, Dafroza Makongoro na mdogo wake Gati, wakipokezana ngata moja. Ndege ya kwanza ilipotua, Dafroza alishika bawa lake akagoma kuliachia, mpaka rubani akacheka.

Baadaye Gati akaolewa Kisiko. Mvua ikachimba korongo katikati ya kiwanja chetu, daktari akahamia kwao, nako kikafyekwa kiwanja. Na juzi juzi tu serikali imekiboresha cha Kisiko: changarawe, uzio, jengo la abiria. Tangu hapo Dafroza hakukanyaga kwa mdogo wake. Akiulizwa, hujibu:

"Nikaangalie nini? Choo cha vigae? Mawe tulibebaga sisi, ndege wanapandaga wao!"

Mgeni rasmi, tulimcheka, lakini wivu huo ni wetu sote.

MAFANIKIO

Tunashukuru kwa zahanati na muuguzi wake. Masika iliyopita Happyness, mke wa mwanawe Dafroza, alishikwa na uchungu, mtoto amekaa vibaya tumboni. Muuguzi akapiga simu. Ndege ya wagonjwa ikakubali kuja, lakini itue Kisiko.

Tukamlaza Happyness kwenye mtumbwi, Dafroza akimfunika kwa kanga yake. Ziwa lilikuwa limechafuka. Tulipofika, Gati alikuwa amesimama majini, maji kiunoni, na machela. Dafroza akageuza uso.

"Dada," Gati akasema, "gomba kesho. Leo shika huku."

Dafroza akashika. Wakapanda kilima bega kwa bega. Ndege ikampeleka Happyness Musoma, akajifungua kwa upasuaji. Mtoto yu mzima, naye ameitwa Gati. Jina Dafroza amelikubali, uwanja bado.

CHANGAMOTO

Tulipompongeza Dafroza, alitujibu kwa machozi: "Amepona, namshukuru Mungu. Lakini kwa nini aponee kwao? Mawimbi yangetupindua, ningemlaumu nani?"

Korongo lipo palepale, na mbuzi wanalala ndani yake. Wajawazito wetu wanavuka ziwa kwanza ndipo waifikie ndege. Nasi, tusikufiche, ndege ikipita juu tunaacha tunachofanya, tunaitazama mpaka ishuke kwa wenzetu, kisha tunarudi kazini.

MAOMBI

Tunaomba korongo lifukiwe na kiwanja kimwagiwe changarawe. Mawe tutasomba wenyewe, kama zamani. Hatuombi Kisiko wapunguziwe chochote.

Dafroza alikuwa na ombi lake. Katibu alilikata kwa kuona aibu; mkutano ukapiga kelele, likarudishwa. Gati, uliyekuja naye mtumbwini, ameketi pale, tunamwomba asikasirike. Ombi ni hili: kiwanja chetu kikitengenezwa, kiwe kirefu kuliko chao. Hata kwa hatua chache.

Mungu akulinde majini na angani, na kazi ya mikono yako istawi.

Ni sisi wenyeji wako,
Wakazi wa Kisiwa cha Nyarusenye.

Imesomwa kwa niaba yao na Isaya Mwandu, Katibu.