Gershom Masha Kaviha, Mtunza Viatu vya Dansi wa Kisauni, 1931–1963

Mchungaji, wazee wetu, majirani wa hapa Frere Town, na ninyi mliotoka Likoni na Changamwe, mimi ni Nyevu Kaviha, dada wa marehemu, mwalimu wa darasa la pili, na familia imenichagua nisome kwa sababu, kama walivyosema wenyewe, sauti yangu husikika hata na asiyetaka kuisikia. Nitasoma historia ya ndugu yangu tangu kuzaliwa hadi kufa, na nitaisoma yote, kwa maana juzi ukoo ulifanya kikao juu ya mjane wake Nyamvula, ukataka sanduku la vifaa vya kazi vya marehemu liuzwe na yeye mwenyewe arithiwe na kaka yetu Charo, kikao kikavunjika bila kuafikiana, basi ni haki mjue huyo mnayetaka arithiwe ni nani, na kazi aliyoifanya pamoja na mumewe ilikuwa kazi gani.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1931 hapa hapa Frere Town, kitinda mimba wa Mzee Kaviha na Mama Rahel, akitufuata Charo na mimi. Alisoma shule ya misheni akamaliza darasa la sita mwaka 1946, mtoto mpole, mtiifu, ila alikuwa na wazimu wake mmoja, hakuweza kuona kiatu kibovu akanyamaza, hata kanisani, watu wamefumba macho wanaomba, yeye yuko macho anatazama visigino vyao. Mama alimchapa kwa hilo mara nyingi, wala hakuacha.

Mwaka 1947 aliingia kwa fundi mmoja wa Kigoa kisiwani, aliyeshona viatu vya wanamuziki na vya wacheza dansi, akakaa naye miaka kumi, na mwaka 1957, mzee yule aliporejea kwao, Gershom alianza kazi yake mwenyewe barazani kwa Bi Kuluthum kule Mjambere, na Bi Kuluthum yuko hapa mbele yangu, Mungu amweke. Wapo waliocheka wakasema kijana atakufa njaa, viatu vya dansi ndio nini, lakini siku hizo kila Jumamosi ukumbi wa Changamwe ulikuwa haupitiki kwa rumba na cha-cha, na chama cha dansi cha Kisauni, chini ya mwenyekiti wake Bwana Kefa, kilimkabidhi viatu vya wachezaji wake wote.

Asiyejua na ajue leo, kiatu cha dansi si kiatu cha kwendea sokoni. Soli yake ni ngozi laini yenye vinyweleo, ikishiba poda ya sakafuni vinyweleo hulala, soli ikawa kama kioo na mchezaji akateleza, kwa hiyo husuguliwa kwa brashi ya waya, kuelekea upande mmoja tu, taratibu, mpaka visimame tena, nacho kiatu hakitiwi maji wala hakianikwi juani, hujazwa karatasi kikaachwa kivulini kipumue. Gershom alivipeleka ukumbini mwenyewe ndani ya mifuko ya kitambaa cha marekani, na ole wako akukute umevivaa njiani, hata kama baba yako ana maduka mjini, angekuvua hapo hapo barabarani ukaenda peku. Bwana Kefa anacheka kwa kuwa yalimpata.

Tarehe 6 Septemba 1958, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa katika kanisa hili na Nyamvula, binti wa Mzee Ngumbao wa Ribe, aliyekuwa akiuza mahamri nje ya ukumbi ule ule. Mshenga alipoulizwa kazi ya mposaji akasema ni fundi viatu, Gershom akamkatiza mbele ya wakwe, hapana, mimi ni mtunza viatu vya dansi, na kwa neno hilo posa ilikaa karibu mwaka mzima bila jibu, maana Mzee Ngumbao aliona dansi ni njia ya moto. Mungu aliwajalia watoto wawili, Kaviha aliyezaliwa tarehe 20 Juni 1959, na Nyevu, somo yangu, aliyezaliwa tarehe 14 Machi 1962, na wanaosema mtoto amerithi mdomo wangu wamesema kweli.

Sasa nafika Pasaka ya mwaka 1962, na kaka Charo naomba usiondoke, kaa. Chama kilikuwa kimealikwa kwenye mashindano ya Jumatatu ya Pasaka pale Changamwe, vyama vya Nairobi vinakuja, na Gershom akaitwa Rabai kumzika mjomba wetu, naye Nyamvula alikuwa ndani na mtoto mchanga, arobaini yake haijatimia. Charo akajitolea kutazama viatu. Ninyi mnamjua Charo, mgema wa Ziwa la Ng'ombe, mkanda wake wa kazi na ala ya kisu chake anavipaka mafuta ya nazi tangu ujana, na ngozi ile haijapasuka hata leo, basi kwa moyo mweupe kabisa, kwa mapenzi ya ndugu yake, akaviona viatu vile vimekauka soli, akavihurumia, akavipaka mafuta ya nazi, vyote, juu na chini, vikang'aa. Jumamosi mchana Bwana Kefa alivaa vyake kwa mazoezi, akachukua hatua ya kwanza ya cha-cha, hatua ya pili akaichukulia chini ya benchi la wapiga ngoma.

Jamani, kilio kilicholia ukumbini siku ile kilikuwa kama cha leo. Wachezaji walitaka kujitoa, Charo akashika kichwa akasema, "Mimi nimemuua ndugu yangu," na Nyamvula alipopata habari alijifunga mtoto mgongoni, arobaini au si arobaini, akaja barazani, wakwe zake wakimkemea njiani arudi ndani. Hakumgombeza mtu. Alipasha unga wa mahindi chunguni, akaumwaga juu ya soli zile unyonye mafuta, akaukung'uta, akamwaga mwingine, kisha akaniambia, "Wifi, nipatie chaki," nikamletea vile vipande vifupi ambavyo watoto hawawezi tena kuvishika, akavisaga, akapaka, akasugua kwa brashi ya waya, Jumamosi ile na Jumapili ya ufufuko nzima, na Bi Kuluthum akimshika mtoto alikuwa akisema, "Wallahi, huyu mke ana mkono." Gershom alirudi Jumatatu asubuhi, akageuza kiatu kimoja, akapitisha kidole gumba kwenye soli, akatugeukia akasema, "Hii mimi nisingeiweza." Tulipata nafasi ya pili, na hakuteleza hata mtu mmoja. Tangu siku ile hakuna kiatu alichokishika Gershom ambacho Nyamvula hakukishika.

Mwezi Septemba mwaka huu Gershom alianza kuvimba miguu, tukaambiwa ni figo, akalazwa hospitali ya serikali kisiwani tarehe 4 Novemba, na kazi yote ikabaki kwa Nyamvula, pamoja na viatu vya dansi ya Uhuru, wiki iliyopita, bendera mpya ikipanda. Bwana Kefa alipomletea habari kitandani kwamba watu walicheza wakacheza, Gershom alicheka mpaka muuguzi akaja kumtuliza, kisha akasema mbele yangu, mbele ya muuguzi na mbele ya Charo, "Kazi ni ya Nyamvula, na Nyamvula si panga, asirithiwe." Aliaga dunia Jumanne tarehe 17 Desemba 1963, akiwa na miaka thelathini na miwili, na inaniuma, nasema wazi, inaniuma mno. Kwenye kikao cha juzi nilipoyarudia maneno yake, wazee walimgeukia Charo, naye Charo akainama akasema hakusikia vizuri.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia usiku na mchana, namshukuru Bi Kuluthum na majirani wa Mjambere waliotupikia bila kuulizana dini, namshukuru Bwana Kefa na wachezaji wote waliobeba jeneza kutoka darajani. Wa mwisho wa kushukuriwa sikuwa nimemwandika, nimemwongeza leo asubuhi kwa penseli. Leo, watu wakiteka maji, kaka yangu Charo alikuja uani, akapita mbele ya wazee wa kikao mmoja mmoja, akavua viatu alivyokusudia kuzikia, akaviweka mbele ya Nyamvula kwa mikono miwili, akasema kwa sauti ambayo kila mzee aliisikia, "Shemeji, wewe ndiye fundi wa nyumba hii, nisafishie, mimi nitaharibu." Nyamvula alivichukua, akavisafisha, na ndivyo alivyovaa Charo sasa, mtazameni. Ahsante, kaka, kumbe ulisikia. Kikao kimekwisha.

Gershom, mdogo wangu, lala, pumzika kwa amani ya Bwana, nyumba yako tumeiacha salama.