Mildred Amondi: Miaka ya Kuweka Mikono Nyuma

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba, Mildred Amondi anastaafu baada ya miaka ishirini na mitatu ya kuwahudumia wazee majumbani mwao, Kawangware na Kibera. Sisi wa shirika la Kaa Kwako tumezoea kumwita Mama Audrey, kwa jina la kifunguamimba wake, na ndivyo nitakavyomwita hapa. Nikianza kuandika “Bi Amondi” atadhani ni barua ya onyo. Mimi ni Nyawira, mwenzake wa kazi. Nimepewa ukurasa mmoja wa kusoma kwenye hafla ya kumuaga, na kuagizwa niuchangamshe. Nitajitahidi, lakini tangu aanze likizo yake ya mwisho majuma mawili yaliyopita ofisi imepoa, na kikombe chake kingali kwenye msumari kwa kuwa hakuna anayethubutu kukitumia.

Kwa wageni wetu wa leo, kazi yetu ni rahisi kueleza. Tunamtembelea mzee anayetaka kuendelea kuishi kwake, tunamsaidia pale anaposhindwa, kisha tunaondoka na nyumba inabaki yake. Kuoga, kuvaa, kula, dawa, kutoka nje apate jua. Kuitenda ndiko kugumu.

Mama Audrey hakuanzia kwenye uuguzi. Alikuwa na kibanda cha mitumba Soko la Toi, akiuza magauni na sweta, na wateja wake wengi walikuwa akina mama wazee ambao hupapasa kitambaa kwanza, wanakirudisha, wanakipapasa tena, ndipo waulize bei. Mmoja akipotea, Mama Audrey alimfuata nyumbani na furushi begani. Huko akakuta mambo. Mtu aliyekuwa akibishana naye sokoni mpaka majirani wakageuka, sasa ameketi kitandani mchana kutwa, mlango umerudishwa, kwa kuwa watoto wamemkataza kusimama asije akaanguka. Ndipo akaja ofisini kwetu kuuliza nani anashughulikia watu hawa. Aliambiwa aketi, ni watu kama yeye wanaotafutwa. Akapelekwa mafunzoni, na kibanda akamwachia dada yake.

Mwanzo wake haukuwa wa kujivunia, na yeye mwenyewe husimulia kwa kicheko. Mzee wake wa kwanza alikuwa Mzee Wekulo, fundi wa mawe mstaafu aliyeishi peke yake ghorofa ya pili huko Gatina, macho yakiwa yameanza kumwacha. Mama Audrey aliona vumbi, akakunja mikono ya blauzi. Akafagia, akapangusa, akasogeza meza dirishani ili mzee apate mwanga, kiti akakipeleka kwenye kona nzuri zaidi. Mzee Wekulo akatoka bafuni, akahesabu hatua zake kama kawaida, akaketi pale kilipokuwa kiti, na kiti hakikuwepo. Hakuumia. Alibaki sakafuni na taulo lake, akauliza kwa upole: “Sista, nani amenihamisha? Mbona sijasikia lori?”

Tangu siku ile, mhudumu yeyote aliyefundishwa na Mama Audrey siku ya kwanza hagusi kitu. Anamwomba mwenye nyumba amtembeze, amwonyeshe sufuria hukaa wapi na kwa nini. Wengi wetu tulidhani ni uvivu. Mzee Wekulo alifariki miaka mitatu iliyopita, kitandani pake, kwake, kama alivyotaka. Lakini kila tulipopita Gatina pamoja Mama Audrey aliinua macho kutazama dirisha la ghorofa ya pili, ambako sasa kuna mapazia ya mpangaji mwingine. Sikuwahi kumuuliza anatafuta nini.

Jambo la pili alilotufundisha ni mikono nyuma. Mzee akifunga vifungo vya shati, Mama Audrey alisimama kando, mikono mgongoni, vidole vimefumbatana, akingoja. Kifungo kikichukua muda wa kuchemsha chai, basi chai ilichemka. Alisema mkono wa mhudumu una haraka zake, na ukiuachilia mara moja, kesho yule mzee hatajaribu tena. Kuna wageni waliokuja kutupiga picha, wakamkuta nyanya mmoja akimenya viazi kwa bidii na Mama Audrey amesimama kama askari wa gwaride. Mmoja wao alimnong’oneza Ryan wetu wa mapokezi, akitaka kujua kati ya wale wawili ni yupi anayelipwa mshahara. Ile picha haikutumika, nasi tumeibandika jikoni.

Sasa tuje kwa Fatna wa Makina. Kwa Wanubi wa Kibera nyanya huitwa haboba, na huyu ni haboba wa mtaa mzima, hata kwa sisi tusio Wanubi. Amezaliwa ndani ya uwanja wa nyumba anayoishi mpaka leo, ameolewa humo, amezalia humo, na mumewe amezikwa kutoka humo. Miaka sita iliyopita aliteleza akienda kutawadha, akaumia nyonga. Mwanawe Farouk, mtu mpole anayempenda mama yake mpaka anakosa usingizi, alikwisha kumwandalia chumba kwenye fleti yake South C. Haboba alimwambia, “Farouk, kwako ni kuzuri. Lakini huko nitakuwa mgeni mpaka nife.” Wakakubaliana kwa sharti moja, kwamba kila asubuhi awepo mtu wa kuaminika wa kumwangalia. Mtu huyo akawa Mama Audrey.

Alimtafuta fundi wa jua kali kule Laini Saba, akachomelea bomba la kushikia, kutoka kitandani hadi msalani. Akaleta kigoda kirefu cha kutawadhia. Kisha akaweka mikono nyuma, na miezi ya kwanza Haboba alimchukia kabisa, akimwita inspekta. Lakini polepole akaanza kwenda msalani peke yake, halafu jikoni, halafu mpaka kwenye lango kuwagombeza watoto wa watu. Asubuhi yao ikawa na mtindo wake. Mama Audrey aliingia kwa salamu za vijana wa bodaboda, “Niaje, mrembo?” na Haboba akajibu, “Poa, mzee wangu. Goti limeamkaje?” Kisha Haboba alipika gurusa, ile mikate laini ya sufuria ya Wanubi, ameketi kigodani, na ole wake inspekta akisogelea jiko. Idd sahani ilivuka kutoka Makina mpaka Kawangware. Krismasi samaki mkavu wa ziwani alirudi njia ile ile.

Mwaka huu lile goti la Mama Audrey lilikataa. Daktari alisema vilima vya Kibera basi. Mama Audrey alipomweleza Haboba kwamba anastaafu na anarudi kwao Mbita, Haboba akageuza gurusa.

Tukampelekea mhudumu mwingine. Akarudishwa, ati anatembea kwa kishindo. Wa pili alikunja nguo za Haboba bila kuulizwa, hakumaliza asubuhi. Wa tatu aliambiwa kupitia mlango uliofungwa kwamba nyumba ina wageni wengi, na sote tunajua mle ndani kulikuwa na paka tu. Farouk akapiga simu. Hakuwa na hasira, sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka kuogopa. Alisema Novemba ikiisha mama yake hajamkubali mtu, atakuja na gari kumchukua.

Siku hiyo nilimkuta Mama Audrey jikoni kwetu, mbele ya ile picha, analia. Aliniambia, “Nyawira, huyu mama nimemfundisha kusimama bila bomba. Kusimama bila mimi sikumfundisha. Hata mimi sijui kusimama bila yeye.” Alimwomba mkurugenzi wetu, Bwana Lazarus, amwongezee mwaka, naye akakubali. Aliyekataa ni Haboba. Alisema hawezi kuliangalia goti lile likipanda kilima kwa sababu yake.

Ikaamuliwa nijaribu mimi. Nilimsihi Mama Audrey anisemee, anisifu kidogo, amlainishe bibi wa watu. Akakataa katakata. “Huo mlango ni wake,” alisema. “Atafungua ama hatafungua.” Nilimkasirikia, sifichi. Niliona mwanamke yuko karibu kupoteza nyumba alimozaliwa, na rafiki yake wa miaka sita ameweka mikono nyuma kama anayengoja kifungo.

Siku ya mwisho nilimsindikiza Makina, nikabaki uwanjani. Walikula, wakataniana, ungedhani ni Jumatano yoyote. Kisha Haboba akatembea naye mpaka langoni, taratibu, bila kushikwa. Walisimama pale wameshikana mikono. Haboba aliuliza kama Mbita kuna baridi. Mama Audrey akamjibu kwamba hapana, kuna joto, ziwa liko karibu. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuachia.

Mama Audrey, kutoka hapa nazungumza nawe moja kwa moja. Najua umejizuia kupiga simu kuuliza, na mimi nikajizuia kukuambia, nikitaka ulisikie leo mbele ya watu. Jumatatu iliyofuata nilikwenda peke yangu, nikabisha hodi. Nikabisha tena, nikasikia kigoda kikisogezwa.

“Mildred amekwenda?” akauliza kutoka ndani.

“Amekwenda, Haboba.”

“Ameenda kweli? Hajajificha hapo nyuma yako?”

“Niko peke yangu.”

Nilikuwa nimeanza kutafuta maneno ya kumwambia Farouk. Kisha komeo likavutwa, pole pole, kwa mkono wake mwenyewe, nami nikangoja. Akanitazama kutoka kichwani mpaka viatuni.

“Basi ingia,” akasema. “Hii hamu yake ni nyingi, mtu mmoja haiwezi.”

Tukaketi. Hakupika siku ile, na mimi sikujaribu. Alinieleza jinsi ulivyoingia mara ya kwanza na jinsi alivyokuchukia, nikamweleza habari za Mzee Wekulo na lile lori, akacheka mpaka akajifuta macho kwa mtandio, na hakuwa anacheka tena. Nimekwenda kila asubuhi tangu hapo. Farouk alikuja Jumapili iliyopita na gari lake, akanywa chai, akarudi South C peke yake.

Kwa hiyo asante, Mama Audrey, kwa niaba ya wote waliovaa mashati yao wenyewe mbele yako, waliopo na waliotangulia. Tunakutakia afya, goti tulivu, na upepo mzuri wa Mbita. Na asubuhi ukiamka, usipate mtu wa kumwambia “Niaje, mrembo,” ujue kuna wanawake wawili huku Makina, saa hiyo hiyo, wameketi jikoni wanakutaja.