Kaka Yetu Fundi Lifti na Bustani Zake Zisizo na Watu

Ndugu, jamaa, majirani na mafundi wenzake mliofika, poleni kwa msiba na poleni kwa jua. Anayewasomea haya ni dada yake marehemu, mdogo wake wa pekee, mwanamke ambaye tangu utotoni hajapata kuwa na kifua cha kuweka neno. Familia ilimpa kazi hii ikilijua hilo, kwa hiyo asitafutwe mchawi baadaye.

Marehemu alizaliwa Jumatano, tarehe 9 Machi 1966, saa tatu asubuhi, katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha sabuni, mlango wa nne kutoka bombani. Alikuwa mtoto wa kwanza wa mpima mizani wa kiwanda hicho na mkewe, mama wa nyumbani. Mama alipenda kusimulia kwamba mtoto huyu hakulia alipozaliwa, alikodoa tu macho akilitazama pangaboi la dari mpaka mkunga akaingiwa na wasiwasi akamchapa kofi la pili.

Alianza shule ya msingi ya kiwandani Januari 1973 na kumaliza 1979, akaendelea na sekondari hadi 1983, kisha chuo cha ufundi, fani ya umeme, hadi 1986. Alipokuwa na miaka kumi alitumwa na mama kumpelekea baba chakula kwenye ofisi kuu ya kiwanda, jengo la ghorofa saba lenye lifti. Baba alikaa na njaa mpaka saa tisa. Mlinzi alimkuta mtoto ndani ya lifti na bakuli lake, keshapanda na kushuka mara kumi na saba. Alipoulizwa anafanya nini humo, akajibu, “Nasubiri nione nani anaivuta.” Alichapwa, na chakula akakirudisha nyumbani kimeganda.

Tarehe 2 Februari 1987 aliajiriwa na kampuni ya kutengeneza lifti, na huko alidumu miaka thelathini na mitano. Ndiko alikopewa jina la Fundi Lifti, na wengi wenu hamjui jina lake lingine. Aliyewahi kukwama kati ya ghorofa ya tano na ya sita anaikumbuka sauti yake ikishuka kutoka juu ya paa la lifti: “Tulia mama, hilo sanduku haliendi popote, na mimi siendi popote.” Hakuwahi kumwacha mtu humo. Hata zamu ikiisha, alikaa.

Mkewe alimpata humohumo. Alikuwa fundi cherehani wa mapazia, na siku hiyo furushi lake lilibanwa na mlango, lifti ikagoma. Kaka alipofika kuifungua, badala ya asante alipata maneno. “Mashine yako imenilia mita tisa za kitambaa, na wewe unachekacheka!” Basi, yakaishia pale anapoishia kila mwanamume anayechekacheka. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 14 Desemba 1996. Tarehe 21 Juni 2003 walipata mtoto wao mmoja, wa kike, ambaye mama yake alimwita Kitufe kwa sababu alikuwa mdogo na mviringo.

Sasa tuingie kwenye kamera, maana bila kamera huyu mtu hamjamjua.

Mwaka 2004 kampuni ilimtuma akatazame mota ya gurudumu kubwa kwenye bustani ya burudani, lile gurudumu linalozungusha watu juu kwenye vibanda. Alirudi nyumbani kama mtu aliyeposwa. Mwezi uleule akanunua kamera ya mkono wa pili, na stendi ya miguu mitatu, na kompyuta. Tangu siku hiyo, kila Jumamosi kwa miaka kumi na mmoja, familia hii ya watu watatu ilishinda kwenye bustani za burudani, za karibu na za mbali. Farasi wa kuzunguka, vijitreni vya kuporomoka, magari ya kugongana, yote aliyapiga, na yote aliyapiga akiyataka matupu. Alisema mashine ukiiona bila watu ndipo unaiona.

Lakini bustani Jumamosi ina watu kama siafu. Kwa hiyo alikuwa na utaratibu wake, na tafadhalini muusikilize vizuri, maana shida yote iko hapo. Alisimamisha kamera mahali pamoja na kupiga picha thelathini zilezile, moja baada ya nyingine. Nyumbani aliziweka moja juu ya nyingine kwenye kompyuta. Kwa kuwa watu wanatembea, hakuna aliyekuwa mahali pamoja katika picha zote thelathini, basi kompyuta iliwaondoa wote yenyewe, ikabaki bustani safi kama siku ya kuumbwa. Kitufe alikuwa akikimbiakimbia, naye akafutika pamoja na hao wengine. Aliyebaki alikuwa mmoja tu, mkewe, kwa sababu yeye alikaa. Alikaa kwenye benchi na mkoba wa lenzi kifuani tangu asubuhi mpaka jioni, katika picha zote thelathini, bila kusogea, na mashine ikadhani ni sehemu ya benchi.

Basi kaka alimfuta kwa mkono. Aliikuza picha, akashika kipanya, akafuata mabega ya mkewe pole pole, akaziba pale kwa kipande cha ukuta na vigae vya sakafu alivyonakili kutoka pembeni. Akimaliza, anazitupa zile thelathini za mwanzo ili diski isijae.

Wifi alikuwa akipita nyuma yake na kikombe cha chai. “Baba Kitufe, leo mimi niko wapi?”

“Ulikuwa hapa. Nimeshakutoa.”

“Na mkoba?”

“Na mkoba nimeutoa.”

“Basi Jumamosi ijayo ujibebee mwenyewe, kama mimi siko.” Kisha anacheka, na kicheko chake, waliokisikia wanajua, kilikuwa kinafika kwa jirani. Jumamosi ikifika anaubeba.

Dada mtu naye aliwahi kumwuliza kwa hasira, maana yeye hasira ndiyo lugha yake. “Kaka, wenzako wanapiga picha wake zao, wewe wako unamfuta?” Alimjibu bila kugeuza kichwa, “Yeye ninaye. Picha yake ya nini?”

Mama Kitufe alifariki Jumanne, tarehe 3 Februari 2015, akiwa na miaka arobaini na minne. Alikuwa juu ya ngazi akipima dirisha la mteja, akasema kichwa kinamuuma, akashuka, akaketi. Mshipa ulikuwa umepasuka kichwani. Saa nane mchana hayupo.

Kesho yake ilitakiwa picha ya kuweka kwenye ratiba ya mazishi, na hapo ndipo nyumba nzima ilipoganda. Albamu ya harusi ilikuwa imelowa bomba la jirani wa juu lilipopasuka, ikageuka uji. Simu yake ilikuwa ya vitufe, ya kupiga na kupokea. Kwao walikuwa na picha zake mbili, za utotoni, hana meno ya mbele. Dada mtu alikuwa na moja ya ukubwani, na kwa ufundi wake wa kupiga picha alikuwa amemkata kichwa. Kitambulisho kilichukuliwa na karani wa vifo, na nakala iliyobaki ilikuwa na doa jeusi penye uso. Mke wa mpiga picha alizikwa bila picha. Watu walinong'ona, na walikuwa na haki.

Wiki mbili baadaye Kitufe, mwenye miaka kumi na mmoja, alisimama mbele ya baba yake na sare ya shule. “Baba, nipe picha ya mama akicheka. Nimeanza kumsahau mdomo.”

Kaka aliwasha kompyuta. Alikuwa na picha elfu kumi na moja na mia nne. Alizipitia zote, siku tisa, hakwenda kazini. Alijua kila mahali alipomtoa, kwa sababu vigae alivyonakili vilijirudia, ufa mmoja mara mbili. Alimwita mtoto, akaweka kidole kwenye kioo. “Hapa ndipo alipokaa mama yako. Na hapa. Na hapa, siku ile ya mvua.”

“Baba,” Kitufe akasema, “mimi naona benchi.”

Wanasema maji yakimwagika hayazoleki. Kaka alijaribu kuyazoa miaka tisa. Alinunua programu za kufufua mafaili yaliyofutwa kwenye diski za zamani, zikamrudishia mistari ya rangi, vipande vya anga, na mara moja, kiwiko. Kiwiko kimoja cha mkewe na nusu ya mkanda wa mkoba. Alikichapisha. Aliandikia kila mtu aliyempata wa umoja wa wapiga picha za bustani aliokuwa amejiunga nao: tafadhali, kama ulikuwepo siku fulani, upande wa farasi, kuna mwanamke kwenye benchi. Wengi hawakujibu. Waliojibu walikuwa waungwana sana, wakamwambia kwamba wao pia huwafuta watu.

Jamani, aliteseka. Tusipambe hapa. Hakupiga picha nyingine tangu siku ile. Alikuja kula Jumapili kwa dada yake, akakaa, akarudi. Kitu kimoja tu kilimpa uhai: alimsimulia Kitufe habari za mama yake. Jinsi alivyokata uzi kwa meno, alivyogombana na lifti, alivyolala mdomo wazi. Kila jioni, wakati wa chakula, kwa sababu alikuwa anadaiwa uso, na maneno ndiyo malipo aliyokuwa nayo.

Mwaka 2022 figo zilimshinda, akastaafu. Alisafishwa damu mara tatu kwa wiki katika hospitali ambayo lifti zake alikuwa akizitengeneza yeye mwenyewe. Julai mwaka huu alilazwa wodi ya ghorofa ya nne, kitanda cha dirishani, na Kitufe akahamia kwenye kiti kando yake.

Tarehe 25 Agosti ilikuja picha. Mzee mmoja wa ule umoja wao, ambaye kaka alimpa jina la Mzee Lenzi, alikuwa ameipata kwenye diski iliyosahaulika: bustani, mwaka 2011, farasi wa kuzunguka, na nyuma yao, mwanamke kwenye benchi, ameinamisha kichwa upande, anacheka. Haionekani vizuri, lakini anacheka. Kaka aliitazama kwa muda mrefu, kisha akamgeuzia binti yake simu.

“Huyu hapa. Mama yako.”

Kitufe alitazama. “Ndiye,” akasema. “Ni mama kabisa, baba.” Wakalia wote wawili, na muuguzi akafunga pazia.

Jioni hiyo, binti alipotoka kwenda kununua maji, kaka alimshika dada yake mkono. “Siye,” akamwambia. “Mabega yale nimeyafuata kwa kipanya miaka kumi na mmoja. Hayo si yake. Lakini mtoto kapata mama. Ukimwambia, sikusamehe.”

Na dada mtu, ambaye hana kifua, safari hii akawa nacho.

Marehemu alifariki Jumanne, tarehe 17 Septemba 2024, saa nne asubuhi, akiwa na miaka hamsini na minane. Alikuwa macho. Hakusema neno la mwisho lolote la kuwasomea.

Juzi, tukiandaa ratiba hii, dada mtu alipendekeza picha ile iwekwe ukurasa wa nyuma, mke na mume wakutane hata kwenye karatasi. Kitufe aliacha kuchapa.

“Shangazi, yule si mama. Mama hakutoga masikio. Yule ana hereni.”

“Ulijua lini?”

“Siku ileile. Lakini baba alikuwa amechoka. Nikasema apumzike kutafuta.”

Shangazi mtu alikaa kitako chini, kwenye sakafu, na umri wake wote. Akamwambia kwamba baba yake naye alijua, kisha akauliza kama ukweli huu usisomwe. Kitufe akasema, “Usome. Nyumba hii tumefuta vya kutosha.”

Kwa hiyo mmesomewa. Walikaa siku ishirini na tatu kwenye chumba kimoja, baba na mwana, kila mmoja akimlinda mwenzake kwa picha ya mke wa watu. Na kwa kuwa mama alikuwa “ameshapatikana”, baba hakuwa na sababu tena ya kumsimulia, na binti hakuthubutu kuuliza asije akajikwaa. Siku ishirini na tatu hawakumtaja. Alichokuwa nacho kaka kuhusu mkewe, na ambacho hakuna mwingine duniani aliyekuwa nacho, alikuwa amelala nacho pale, akili timamu, mdomo mzima, umbali wa mkono kutoka kwa mtoto aliyekihitaji. Amekwenda nacho.

Marehemu ameacha mtoto mmoja, Kitufe, mwenye miaka ishirini na mmoja, dada mmoja na mume wake, wapwa watatu, na mafundi wenzake wa kampuni, ambao wamebeba jeneza. Kama yupo kati yenu aliyemjua mama Kitufe, aliyeshonewa pazia, aliyewahi hata kugombana naye, tunaomba asiondoke baada ya maziko. Kitufe atakuwa pale kwenye kiti cha mbele. Kaeni naye mumwambie.

Kaka, pumzika. Amani tunakuombea, kwa kuwa sisi tuliokupenda hatukuweza kukupa.