Uzi Unaoyeyuka Tumboni

Asubuhi hiyo benchi la mkabala na hospitali lilikuwa na wenyewe: Magitaa, mpiga muziki wa harusini, na Bucha, muuza nyama, kila mtu na kikombe chake cha kahawa. Mara akatokea Sindano, fundi cherehani, anatoka hospitali mbio, meno yote nje, kila kiatu na rangi yake. Mkewe alikuwa amejifungua kwa upasuaji.

— Wazima wote wawili! Lakini sikieni maajabu. Daktari kamshona mke wangu kwa uzi usiotolewa. Unayeyuka wenyewe, ndani kwa ndani!

— Acha kamba! Bucha akasema.

— Haki ya Mungu! Sasa mimi nikimshonea bwana harusi suruali kwa uzi huo, si ataumbuka mbele ya wakwe?

Magitaa akajiweka sawa.

— Mambo ya kale hayo. Zamani nyuzi za ala zilisokotwa kwa utumbo wa kondoo. Wanasimulia kuna tabibu, nyani wake alimeza nyuzi za gambusi, lile gitaa la kale. Akangoja zitoke, wapi! Akajua tumbo limeziyeyusha. Basi akaanza kushonea watu vidonda kwa nyuzi hizo.

— Utumbo wa kondoo? Bucha akaruka. Kumbe miaka yote nawatupia paka vifaa vya hospitali!

— Siku hizi uzi ni wa kiwandani, Sindano akasema. Kidonda kinashikana kwanza, halafu majimaji ya mwili yanaumaliza pole pole.

— Afadhali, Magitaa akasema. Ungekuwa wa gambusi, shemeji akicheka tu, tumbo linapiga taarabu!

— Na mtoto akilia, mee! Bucha akadakia.

Sindano akacheka hadi kahawa ikamtokea puani. Hofu aliyokesha nayo kwenye korido ilikuwa inamtoka kwa kicheko.

Mara akafika mama mkwe wa Sindano, kapu mkononi, anahema. Wote wakasimama.

— Shikamoo, mama!

— Marahaba, wanangu. Hongera, baba! Haya niambie, tumepata wa kike au wa kiume?

Bucha akamtazama Magitaa. Magitaa akamtazama Sindano. Sindano alikuwa amemuuliza daktari unene wa uzi, uimara wake, hata fundo lake linafungwaje.

— Mama... uzi wenyewe ni wa zambarau.

— Nimekuuliza mtoto!

Lakini Sindano alishamwachia Bucha kikombe, yuko katikati ya barabara, anakimbilia wodini.