Mjalidi Wadia na Vitabu Vilivyokatwa Migongo

Baba Padri, wazee wetu, majirani, nasoma kwa niaba ya familia, mnivumilie, mtoto wangu amepakatwa na shangazi hapo nyuma, akilia nitaharakisha.

Marehemu baba yetu, Wadia Labib Ghattas, alizaliwa tarehe 12 Machi 1951, Muharram Bek, hapa hapa Aleksandria, akasoma shule ya kanisa hadi 1965, mwaka uliofuata akaanza kujifunza kujalidi vitabu, na Mei 1979 akafungua duka lake mtaa wa Nabii Danieli, akijalidi vya watu na kununua vya waliofiwa, ila hakugusa maktaba ya marehemu yeyote kabla ya arobaini kupita, alisema kitabu nacho kina eda yake.

Tarehe 21 Septemba 1986 alifunga ndoa na mama yetu Irini, aliyetangulia 2016, wakajaliwa kaka yangu Nagi, 1988, na mimi Demiana, 1998, na zamani binti akiolewa akaenda na kabati la vitabu aliheshimiwa ukweni, mimi nilikwenda nalo 2021 wakwe wakaniuliza linajaza chumba kwa nini, si yote yamo kwenye simu.

Mwaka 2022 macho ya baba yalififia, Agosti Nagi akaja kutoka Kuwait na kibao cha kielektroniki cha kusomea, akavikata migongo vitabu vya baba mwenyewe, alivyovijalidi kwa mkono wake, ili mashine ipige picha karatasi moja moja, alikusudia mema, na herufi zilikuwa kubwa kweli, baba akasoma, siwezi kudanganya mbele ya jeneza, lakini alipotaka vitabu vyake virudi rafuni akaonyeshwa karatasi kwenye magunia, akamwambia, "Mwanangu, umemchinja ng'ombe ili unioneshe maziwa," akacheka kidogo, na hakushika tena sindano ya kujalidia.

Tarehe 9 Januari 2024 alipatwa na kiharusi, akalazwa, na alfajiri ya tarehe 4 Februari akafariki.

Sasa kaka, usinikatize, naogopa lakini nitasema, vitabu vilivyosalia dukani umeviuza kwa kilo, gari linakuja leo alasiri, karatasi zake zikafungiwe mbegu za kutafuna sokoni, na arobaini haijaanza hata kuhesabiwa, na mwanangu ana miezi mitano, atamjua babu yake kwa kugusa nini? Basi mimi na mume wangu tumevihamisha, viko hapo mlango wa kulia wa kanisa kando ya mikate ya rehema, kila atakayepokea mkate wa marehemu apokee na kitabu, najua wengi hamsomi tena, mna simu, chukueni hivyo hivyo, kwa sababu gari likivikosa dukani litaelekezwa huku, na vitakavyobaki sina pa kuviweka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani waliotupikia, na wauza vitabu wenzake waliofunga meza zao leo, ingawa mmoja wao, Mzee Ayad, ameniambia hata wangefungua, nani angekuja.

Mlango wa kulia, jamani, msitokee wa kushoto.

Baba, pumzika kwa amani.