Bakuli la Mwanaheri

Sogeeni wanangu. Salumu, rudishia huo mlango, nitakayosema ni aibu ya nyumba hii na sitaki Temeke nzima isikie. Pumzi yangu fupi, msinikatize.

Nyumba ni yenu nyote watatu, mgawane kama shehe atakavyowaelekeza, na minazi ya Mbagala msiiuze. Hayo yamekwisha. Lililonikaa rohoni ni bakuli.

Mnaikumbuka ndui ya wakati wa vita vya Hitla, shule zilipofungwa, huyu dada yenu Mwanaheri akalala nyuma ya pazia akiuliza kila asubuhi shule itafunguliwa lini, maana aliipenda kuliko nyie wote. Tukamtengea bakuli la bati lenye ukingo wa buluu, na hapo hatukukosea, bwana afya ndiye aliyeagiza. Lakini mtoto alipona, wanangu. Shule ikafunguliwa, Mwalimu Jovina akaja mwenyewe kumfuata, akaketi naye mkeka mmoja, na mie nikasema bado hana nguvu, ilhali nguvu anazo. Mie ndiye sikuwa na uso wa kumtoa nje na makovu yake. Wala kwenye sinia hatukumrudisha. Sie tunakula pamoja, yeye na bakuli lake karibu na mlango wa uani, mpaka akawa analichukua mwenyewe bila kuambiwa. Kucheka akaacha, tukasema Mwanaheri mpole. Hata Idi hii iliyopita, mtu mzima, kala peke yake ndani ya nyumba ya baba yake, na hakuna kati yetu aliyeona ajabu.

Nilipoanza kukohoa damu, na mie mkanitengea chombo. Siwalaumu. Ila Mwanabaraka, uji wangu uliutia kwenye bakuli lilelile, na nilipouona ule ukingo wa buluu nikalisukuma kando kwa haya. Mkatoka nyote, akabaki Mwanaheri. Akachukua kijiko, akanywa yeye kwanza, kisha akaninywesha. Nikamwambia, mwanangu, utaambukizwa. Akasema, "Kunywa baba, uji unapoa. Kula peke yako kunachosha."

Basi siku ya hitima yangu, kwenye sinia la kwanza la wanawake akae yeye, na wewe Mwanabaraka ubavuni pake. Bakuli lile watilieni kuku maji. Na ile minazi, Mwanaheri akitaka kusoma, hata sasa, iuzeni.

Nipeni maji... Basi, yanatosha. Salumu, Mwanabaraka, radhi yangu mnayo, Mungu awafungulie kheri. Mwanaheri, njoo, nipe mkono. Wewe radhi yangu unayo tangu zamani. Yako ndiyo sina, na ndiyo ninayoiomba... Usinijibu leo, utanijibu kwa huruma. Nijibu siku ile ya hitima... ukishakula nao.