Bi Dakika na Mwanga Kidogo

Ijumaa hii, tarehe thelathini, fundi mkuu wa maabara yetu ya seli anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja kazini. Tunamwita Bi Dakika, na jina hilo alilipata kwa haki. Siku moja mkurugenzi aliingia na wageni wakati Bi Dakika anamulika seli za ngozi kwa leza hafifu. Hakugeuka. Alinyoosha kiganja tu, na msafara mzima ukasimama mlangoni kimya hadi saa yake ya jikoni ilipolia.

Alianza kwa kuosha vyombo. Baada ya miaka mitatu alikuwa anakuza seli ambazo sisi wenye shahada tulikuwa tunaziua kila wiki. Kila sahani ya seli aliyoimulika aliipa pacha, ikakaa chini ya mashine iliyozimwa kwa dakika zilezile, asije mtu akausifia mwanga kwa kazi ya kuhamishwa sahani tu. Tulimcheka sana. Siku hizi sote tunafanya hivyo.

Bosi wetu aliamini kwamba mwanga ukizidi na seli zitazidi. Akaagiza dakika kumi, zikadumaa. Akaagiza ishirini, zikafa. Bi Dakika, bila kutumwa na mtu, akajaribu dakika moja, na sahani zikajaa kuliko pacha zake. Alirudia mara arobaini kabla ya kufungua mdomo. Mwanga kidogo huziamsha, akatueleza, mwingi huziua.

Ripoti ya ugunduzi huo ilitoka na majina manne, lake halimo. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Sisi tulitimiza la kwanza, la pili likatushinda. Mwishoni wameshukuriwa “wahudumu wa maabara”. Miaka yote hiyo aliomba kitu kimoja tu, jina lake liwe pale.

Nimeambiwa niandike maneno ya kuchangamsha, na nimejaribu. Lakini aliyelifuta jina lake ni mimi. Bosi alisema fundi hakai katika orodha moja na madaktari. Nikafuta, nikanyamaza, na jina la tatu ni langu. Ripoti ile ilinipandisha cheo. Bi Dakika alijua. Kesho yake alinisalimia kama kawaida, akanirekebishia darubini. Mpaka leo naona aibu.

Asante, dada yangu. Ugunduzi ule ni wako. Nayasema haya katika jarida linalosomwa na watu wa jengo hili tu. Kwingine kote bado wananipongeza mimi. Tunakuombea mapumziko mema na afya tele, nawe si lazima utuombee lolote.